Dawa moja, mshipa mmoja, majibu mawili: kisa cha aota ya sungura

Mdunge mnyama asetilikolini kidogo, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, mshipani na shinikizo lake la damu litaporomoka papo hapo. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1906, wakati Reid Hunt na mwenzake Taveau, huko Marekani, walipopima na kukuta kwamba asetilikolini hushusha shinikizo kwa nguvu ya takriban mara 100,000 kuliko kolini, kemikali ambayo asetilikolini hutengenezwa kutokana nayo. Mwaka 1914 Henry Dale wa Uingereza akalichunguza kwa undani zaidi. Mishipa inatanuka, damu inapata njia pana, shinikizo linashuka. Hakuna aliyebisha.

Sasa mchukue sungura, utoe aota yake, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ukate kipande, ukitundike ndani ya chombo cha maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, kisha udondoshee asetilikolini ileile. Kipande hakilegei. Kinasinyaa.

Robert Furchgott, mtafiti wa dawa wa Marekani, alikutana na jibu hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na akaishi nalo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimekichagua kisa chake kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtu anahitaji ili aelewe namna mishipa ya damu inavyopelekeana ujumbe na kupanga shinikizo. Nina sababu ya pili pia. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati, kosa la maabara lililozaa tuzo ya Nobel. Kosa lilikuwepo kweli. Lakini ukikifuatilia hatua kwa hatua utaona kwamba kosa lilileta swali tu, na majibu yalitolewa jasho.

Ukanda na pete

Tuanze na kipande chenyewe, maana siri yote ilikuwa hapo. Aota ni bomba. Misuli laini iliyo kwenye ukuta wake imelala kwa kuzunguka bomba, kama pete za pipa. Ukitaka kupima nguvu ya misuli hiyo unaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Unaweza kulikata bomba kwa mzunguko wa skrubu, kama anayemenya chungwa bila kukata ganda, upate ukanda mrefu ambao ndani yake misuli inakwenda kwa urefu. Au unaweza kukata kipete chembamba, upitishe vijiti viwili vya chuma ndani yake, kimoja kishikwe na kingine kivute kipimio.

Ukanda ndio uliompa Furchgott jina. Alianza kuutumia na kuuchapisha mwaka 1953, na maabara nyingi zikamfuata, kwa sababu uko imara, hudumu saa nyingi, na husinyaa vizuri ukipewa noradrenalini, kemikali ya mwili inayokaza mishipa. Lakini jaribu kuwaza mikono inayouandaa. Ili ukate aota kwa mzunguko lazima uishike, uigeuze, uilaze, uinyooshe. Uso wake wa ndani, ambao katika uhai wote wa mnyama haujawahi kuguswa na chochote isipokuwa damu, unasuguana na vidole na vyombo. Ukanda ukishatundikwa hauonyeshi jeraha lolote. Unasinyaa kama kawaida. Hakuna anayeweza kujua kwa macho kwamba kuna kitu kimeachwa kwenye meza ya kukatia.

Mei 1978, katika maabara yake ya chuo kikuu cha jimbo la New York kule Brooklyn, kikundi chake kilikuwa kikitumia pete badala ya kanda, kwa utafiti mwingine kabisa. Utaratibu wa siku ile ulikuwa rahisi: tia noradrenalini, pima msinyao, suuza, kisha tia kabakoli, ndugu wa asetilikolini asiyevunjwa upesi, upime msinyao wa pili. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa kazini akaruka hatua ya kusuuza. Kabakoli ikaingia wakati misuli bado imekazwa na noradrenalini. Mstari kwenye karatasi ya kipimio, uliotarajiwa kupanda, ukashuka.

Hapo ndipo kosa linapoishia. Mtu mwingine angeiandika siku ile kuwa imeharibika, akasuuza vyombo na kuanza upya. Furchgott aliutaka mstari ule ushuke tena, ukashuka. Kisha akauliza swali ambalo mimi naona ndilo kitovu cha kisa: kwa nini sijawahi kuliona hili kwa miaka yote hii, wakati nimewahi kutia dawa hizi kwenye kanda zilizokwisha kusinyaa mara nyingi tu?

Angalia alivyolibana. Sungura ni yuleyule, aota ni ileile, dawa ni zilezile. Kilichobadilika ni umbo la kipande. Basi mtu angesema mwelekeo wa kukata ndio wenye athari. Lakini kanda zilizokatwa kwa uangalifu mkubwa, bila uso wa ndani kuguswa, nazo zililegea. Na pete ambazo uso wake wa ndani ulisuguliwa taratibu kwa makusudi ziliacha kulegea. Umbo halikuwa na hatia. Mkosaji alikuwa msuguano.

Kilichokuwa kikisuguliwa na kutoka ni safu moja tu ya seli, nyembamba mno, iliyotandikwa ndani ya kila mshipa wa damu kama bitana ndani ya koti. Wataalamu huiita endothelia. Hapa nitaiita bitana, kwa kuwa jina linafanana na kazi. Kwa kuipaka rangi yenye madini ya fedha, mipaka ya seli hujichora kama vigae vya sakafu, na hesabu ikawa wazi: vigae vipo, mshipa unalegea, vigae havipo, mshipa unasinyaa. Kwa muda mrefu bitana hiyo ilikuwa ikichukuliwa na wengi kama kifuniko cha ndani cha bomba, kitu cha kuzuia damu isivuje.

Jaribio la kubandika

Ukifika hapa bado hujathibitisha kwamba bitana *inatuma* kitu. Huenda kusugua kunajeruhi misuli. Huenda bitana inanyonya dawa na kuibadilisha. Furchgott na John Zawadzki walilijibu hilo kwa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, linastahili sifa kuliko kosa lolote la mwezi Mei.

Walichukua ukanda uliokatwa kukingama, misuli yake ikivuta kwa urefu, na bitana yake imesuguliwa ikatoka yote. Wakautundika peke yake, wakaukaza kwa noradrenalini, wakatia asetilikolini. Haukulegea. Kisha wakachukua ukanda mwingine, wenye upana na urefu uleule, lakini uliokatwa kufuata urefu wa aota, bitana yake ikiwa salama. Katika ukanda huu wa pili misuli imelala kwa kukingama, hivyo haiwezi kuvuta kipimio kwa maana yoyote. Ni mgeni asiye na sauti, isipokuwa ana bitana. Wakaibandika miwili, uso wa ndani kwa uso wa ndani, wakaitundika pamoja kama mkate uliokunjwa. Wakarudia dawa zilezile.

Ukanda wa kwanza ukalegea. Wakaibandua, ukaacha kulegea.

Sijui njia fupi zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba seli moja imezungumza na nyingine. Misuli iliyolegea haikuwa na bitana yake. Iliazima bitana ya jirani. Kitu fulani kilivuka nafasi kati ya nyuso mbili zenye majimaji, kikaingia kwenye misuli na kuiamuru iachie. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1980, na mwaka 1982 kitu hicho kikapewa jina la muda lenye kueleza tu kinachofanya, kilegezi kitokacho kwenye bitana, kwa kifupi EDRF, kwani hakuna aliyekuwa amekishika.

Kukishika kulichukua miaka mingine kadhaa. Kilikuwa kinakufa ndani ya sekunde. Himoglobini, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ilikimeza. Chembechembe kali za oksijeni ziitwazo supaoksaidi zilikiharibu, na ukitia kimeng'enya cha kuziondoa, kiliishi muda mrefu zaidi. Tangu mwaka 1977 Ferid Murad alikuwa ameonyesha kwamba nitrogliserini na dawa za jamii yake hulegeza misuli kwa kutoa nitriki oksaidi, gesi iliyokuwa ikijulikana zaidi kama moshi wa injini. Katika mkutano wa mwaka 1986 mjini Rochester, Minnesota, Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, wakasema kwamba kilegezi cha bitana ni gesi hiyohiyo. Mwaka uliofuata Palmer, Ferrige na Moncada wa Uingereza wakaipima ikitoka kwenye seli za bitana, kwa kiasi kinachotosha kueleza ulegevu unaoonekana. Mwaka 1988 ikajulikana inatengenezwa kutokana na amino asidi iitwayo L-arginini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 walipewa Furchgott, Ignarro na Murad.

Neno moja, masikio mawili

Turudi kwenye fumbo la mwanzo, kwa sababu sasa linaweza kufunguliwa lote.

Asetilikolini haina maana ndani yake yenyewe. Ni neno tu, na maana yake inategemea nani anasikia. Seli za bitana zina vipokezi vyake, na misuli laini ya aota ya sungura inavyo pia. Kipokezi kikiguswa, katika seli zote mbili hutokea jambo moja la awali: kalsiamu inaongezeka ndani ya seli. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kisa, na ajabu ni kwamba maelezo mengi hupapita haraka. Ishara ya ndani ni ileile. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila seli hufanya na kalsiamu.

Kwenye seli ya misuli, kalsiamu hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na kupitia kimeng'enya kimoja huamsha mayosini, ile protini inayovuta. Misuli inasinyaa. Kwenye seli ya bitana, ambayo haina kazi ya kuvuta, kalsiamu na kalmodulini huamsha kimeng'enya kingine, kinachoikata L-arginini na kutoa sitrulini pamoja na nitriki oksaidi. Gesi hii ni molekuli ndogo mno isiyo na chaji. Haihitaji mlango wala kipokezi juu ya ukuta wa seli. Inapenya utando kama harufu inavyopita chini ya mlango, inaingia kwenye misuli iliyo jirani, na kushikana na chuma kilicho ndani ya kimeng'enya kiitwacho guanileti saiklesi. Kimeng'enya hicho hutengeneza GMP ya mviringo, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, nayo huamsha protini zinazopunguza kalsiamu ndani ya misuli na kuifanya mayosini iachie. Kalsiamu ya bitana imeishia kuiondoa kalsiamu ya misuli.

Kwa hiyo katika mshipa mzima amri mbili hutolewa kwa pamoja. Misuli inaambiwa moja kwa moja isinyae, na bitana inaiambia ilegee, na bitana ndiyo inayoshinda. Ukiisugua bitana unabaki na amri moja. Ukanda wa mwaka 1953 haukusema uongo. Ulisema nusu.

Hapo kuna swali ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliuliza: kama himoglobini inaimeza nitriki oksaidi, inawezekanaje gesi hiyo ifanye kazi pembeni kabisa ya damu iliyojaa himoglobini? Inamezwa kweli, na kwa wingi. Lakini himoglobini imefungwa ndani ya seli nyekundu, na seli hizo zinapotiririka hukusanyika katikati ya mshipa na kuacha ukanda mwembamba wa utegili, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, ukingoni. Gesi inayoelekea upande wa misuli inapata nafasi ya kufika. Himoglobini ikitoka nje ya seli nyekundu, kama inavyotokea seli hizo zikipasuka kwa wingi, husogea hadi ukingoni na kuikamata gesi hapohapo ilipozaliwa. Waliojaribu kutengeneza damu mbadala kwa himoglobini isiyofungwa walikutana na hilo: mishipa ikabana na shinikizo likapanda.

Maji ya chumvi hayana shinikizo

Sasa niseme jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki huliruka. Ukanda ndani ya chombo hauna shinikizo la damu. Una mvuto tu. Kutoka kwenye mvuto wa kipande cha aota hadi shinikizo la mnyama aliye hai kuna safari, na jaribio la mwaka 1980 halikuimaliza.

Tatizo la kwanza ni aota yenyewe. Shinikizo hutokana na damu inayosukumwa na moyo kukutana na ukinzani wa mishipa, na ukinzani mkubwa hauko kwenye bomba kuu. Uko kwenye ateri ndogondogo zinazoingia ndani ya viungo. Huko upana ni kila kitu, kwa sababu ukinzani hubadilika kwa kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Punguza nusu kipenyo kwa asilimia 10 tu, ukinzani unaongezeka kwa takriban asilimia 50. Kipunguze kiwe nusu ya kilivyokuwa, ukinzani unakuwa mara 16. Molekuli inayoilegeza misuli ya ateri ndogo kwa kiasi kisichoonekana kwa macho inaweza kulihamisha shinikizo la mwili mzima. Na katika ateri hizo ndogo nitriki oksaidi haiko peke yake: bitana hutumia pia njia ya umeme, ikiifanya misuli iwe hasi zaidi kwa ndani hadi milango ya kalsiamu ijifunge, na sehemu ya njia hiyo huongezeka kadiri mishipa inavyokuwa midogo. Anayesoma aota pekee atamtukuza mjumbe mmoja kupita kiasi.

Tatizo la pili: asetilikolini haizunguki kwenye damu. Huvunjwa karibu mara tu inapoachiwa, na mishipa mingi haina neva za kuileta hadi kwenye bitana. Ilikuwa ufunguo wa mtafiti, si wa mnyama. Mnyama hutumia ufunguo mwingine, nao ni mwendo wa damu yenyewe. Damu inapopita inaikwaruza bitana kwa upole, seli zinahisi mkokoto huo, na nitriki oksaidi inatoka. Mtiririko ukiongezeka, mshipa unatanuka, na mkokoto unapungua. Hii inafanyika sasa hivi ndani ya kila mnyama mwenye uti wa mgongo anayefanana nasi kwa mishipa, bila neva kuamrisha.

Je, kazi hiyo ya kimyakimya inatosha kuathiri shinikizo? Jibu lilikuja mwaka 1989, na kwa sungura tena. Rees, Palmer na Moncada waliwapa sungura waliolazwa kwa dawa ya usingizi molekuli inayofanana na L-arginini lakini inayokiziba kimeng'enya cha nitriki oksaidi. Hawakuongeza kitu cha kubana mishipa. Waliondoa tu kilegezi. Shinikizo likapanda. Wakatoa L-arginini halisi, likarudi chini. Pacha wake wa kioo, D-arginini, hakufanya lolote. Maana yake ni kwamba mnyama aliyetulia anaishi huku bitana yake ikilegeza mishipa muda wote, na shinikizo tunaloliita la kawaida ni la kawaida kwa sababu kuna mkono unaolishikilia chini.

Mkono wa upande wa pili upo pia. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa na wenzake wa Tsukuba, Japani, walitoa kwenye seli za bitana za aota ya nguruwe kibanaji kikali chenye amino asidi 21, wakakiita endothelini. Kinafanana kwa mpangilio na sumu ya jamii ya nyoka waitwao Atractaspis, na sioni ajabu: nyoka huyo hutumia dhidi ya mawindo lugha ambayo mishipa yao inaielewa. Ukimdunga panya endothelini, shinikizo hushuka kidogo kwanza, kisha hupanda na kukaa juu kwa muda mrefu. Mshuko ule wa kwanza ni bitana ikiitikia kwa vipokezi vyake na kutoa nitriki oksaidi. Ni fumbo lilelile la Furchgott likijirudia kwa neno jingine. Angiotensini II nayo, kibanaji kinachojulikana zaidi, hukamilishwa na kimeng'enya kilichokaa juu ya bitana, hasa ya mapafu, na kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, mojawapo ya molekuli zinazoiomba bitana itoe gesi. Dawa za kukiziba hufaidi pande zote mbili.

Panya waliokosa kimeng'enya

Mwaka 1995 kundi la Boston lilichapisha habari za panya waliozalishwa bila jeni ya kimeng'enya cha nitriki oksaidi cha bitana. Bitana yao ipo, haijasuguliwa na mtu. Vigae vyote viko mahali pake. Ukichukua pete ya aota yao, ukaikaza na kuipa asetilikolini, hailegei, sawasawa na ukanda uliosuguliwa. Na panya wenyewe, wakiwa hai na wazima, wana shinikizo la juu. Hapa kipande cha chomboni na mnyama mzima vilitoa jibu moja kwa kukosa kitu kimoja kilekile.

Kisha watafiti wakawapa panya hao kizibo cha kuzuia nitriki oksaidi, cha jamii ya kile walichopewa sungura wa mwaka 1989. Kwa panya wa kawaida kizibo hicho hupandisha shinikizo. Kwa hawa waliokosa kimeng'enya cha bitana ungetarajia kisifanye chochote, kwa kuwa hakina cha kuziba kwenye mishipa. Shinikizo lao likashuka. Mwili una vimeng'enya vingine vya gesi hiyohiyo, nje ya bitana, na kwa panya hawa angalau kimojawapo kilikuwa kikichangia kulishikilia shinikizo juu. Molekuli ileile, ikitoka seli nyingine, ilikuwa ikisema kinyume.